Kwenye kiti cha jino, nani anadaiwa ukweli?

Swali lenyewe ni hili. Mtu anajua ana virusi vya homa ya ini C. Jino linamuuma, usiku wa tatu huu hajalala. Anakwenda kwa anayeng'oa meno. Je, kabla hajafungua kinywa ana wajibu wa kusema, "mimi nina ugonjwa kwenye damu"? Na akinyamaza, aking'olewa, akienda zake, amemdhulumu yule atakayekaa kwenye kiti hicho nyuma yake?

Nililipeleka swali hili kwenye kikundi cha vijana ninachokisimamia, siku ya Alhamisi, ambapo huwa tunajadili mambo mazito kidogo baada ya mpira. Nilidhani tutamaliza kwa nusu saa. Tulibishana mpaka giza likaingia, na wiki iliyofuata walikuja na hoja mpya hata sijakaa. Wengi walisema lazima aseme. Asiyesema ni muuaji, mmoja alisema, na hakuwa anatania. Wachache, hasa wasichana, walisema hapana. Mimi nimeegemea upande wa hao wachache, ila si kwa sababu zao zote, na ndiyo maana naandika.

Kwanza tuujue ugonjwa, maana hapa kambini "homa ya ini" ni jina linalobeba kila kitu. Kuna A na E, hizo zinatoka kwenye maji na chakula kilichochafuka, na sisi wa vyoo vya pamoja tuna haki ya kuziogopa. Kuna B, ambayo ina chanjo. Halafu kuna C. Hii inapita kwa damu, na chanjo yake hakuna. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1989 tu, yaani wazazi wetu wengi walikuwa wameshazaliwa na kuchomwa sindano kibao kabla dunia haijajua kwamba kitu hicho kipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 hivi wanaishi nayo, na wengi wao hawajui. Ukiambukizwa mara nyingi husikii kitu. Si homa, si macho ya manjano. Kwa watu kama watatu kati ya kumi mwili unajisafisha wenyewe ndani ya miezi sita. Waliobaki wanabaki nayo, wanalima, wanazaa, wanacheza ngoma, na miaka 20 baadaye sehemu yao ini linakakamaa kwa makovu, wengine linaingia saratani.

Haipiti kwa kushikana mikono, kula sahani moja, kukohoa wala kukumbatiana. Hili naliandika kwa makusudi, maana nimeshaona mtu akitengewa kikombe chake.

Sasa twende kwa fundi. Kila kambi ninayoifahamu ina watu wanaong'oa meno nje ya hospitali. Wa kwetu, huyu ninayemfikiria, ni mzee wa heshima aliyetoka Fizi na koleo zake ndani ya begi la nguo. Hakuna anayemwita mhalifu. Watu wanamwita dokta. Ana kiti cha mbao chenye mgongo mrefu, beseni, chupa ya spiriti, pamba, na kitambaa cheupe ambacho mke wake anakifua kila siku. Akiwa na ganzi anachoma ganzi, akiwa hana anamwambia mgonjwa ashike mbao za kiti. Anatoza kidogo, na asiye na hela analeta unga wa rashoni au anakuja kumlimia bustani. Kuna kina mama wamezaa watoto sita na meno yao yote yaliyooza yamepita mkononi mwa mzee huyo.

Ukimwuliza habari ya usafi hakasiriki. Ananiita mwanangu, ananipa kiti. Anasema: "Miye nasaidiaka batu tangu Fizi. Hakuna hata moja alikufaka mikononi mwangu." Na hapo ukifikiria vizuri unakuta hajadanganya. Hakuna aliyekufa mikononi mwake. Homa ya ini C haiui mtu mkononi mwa yeyote. Kama imepita pale kwenye kiti, mwenye kuipata atakuja kuumwa akiwa amesharudi Congo, au amepelekwa Marekani, au bado yupo hapahapa na ana wajukuu, na hakuna atakayekumbuka jino la mwaka fulani. Uzito wa swali uko hapo. Tumezoea kumtambua mkosaji kwa kumwona na kisu na kuiona damu. Huyu ana koleo, na damu ipo, lakini jeraha lenyewe linafunguka baada ya miaka 20 mahali pengine kabisa. Je, dhambi isiyo na mtu anayeilalamikia ni dhambi?

Tuone kwanza inavyopita. Jino likitoka, damu inabaki kwenye meno ya koleo, kwenye ule mkunjo wa katikati ambako vyuma viwili vinashikana. Ukifuta kwa pamba yenye spiriti unaondoa inayoonekana. Damu ndogo sana isiyoonekana inatosha, na virusi hivi vina uvumilivu, vinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka kwa siku nyingi, hata wiki. Kuchemsha kwenye sufuria kunapunguza hatari, ila hakuhesabiwi kuwa kutakasa. Vifaa vinavyoingia kwenye damu vinatakiwa kwanza vioshwe na kusuguliwa, kisha viingie kwenye mtungi wa mvuke wenye presha, nyuzi joto 121 kwa dakika 15 au zaidi, au 134 kwa dakika chache. Halafu kuna ganzi. Chupa moja ya ganzi inatumika kwa watu kumi. Kama sindano iliyomchoma wa kwanza inarudi kwenye chupa kuvuta nyongeza, chupa nzima imeshaguswa na damu yake, na wa pili anaweza kuletewa sindano mpya kabisa, inafunguliwa mbele ya macho yake, anafurahi, na bado akavutiwa ugonjwa kutoka ndani ya chupa. Wengi kwenye kikundi hawakuwa wamewahi kulifikiria hilo la chupa. Sisi macho yetu yapo kwenye sindano tu.

Vijana walio wengi walijibu: basi si ndiyo maana mgonjwa lazima aseme? Akisema, fundi atajihadhari.

Hapo ndipo nawaletea habari ya Tulsa. Tulsa ni mji wa jimbo la Oklahoma, Marekani, hukohuko ambako wengi wetu tunaota kupelekwa. Mwaka 2013 wakaguzi waliingia kwenye kliniki ya daktari mpasuaji wa meno. Daktari wa kweli, mwenye leseni, aliyefanya kazi miaka mingi. Walichokikuta kiliwafanya watu wa idara ya afya waandike barua kwa wagonjwa wapatao 7,000 kwamba wakapimwe. Maelfu walipanga foleni. Baadhi walikutwa na virusi, na wengi wa hao huenda walivipata kwingine, lakini uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba angalau mgonjwa mmoja aliambukizwa homa ya ini C kutoka kwa mgonjwa mwenzake, pale pale kwenye kliniki. Ilikuwa mara ya kwanza nchini Marekani kuthibitishwa kwamba virusi hivyo vimepita kutoka mgonjwa hadi mgonjwa kwa daktari wa meno. Kwa hiyo ndugu zangu tusijidanganye kwamba hili ni jambo la kambi na la watu maskini.

Lakini kilichonishika mimi katika habari hiyo ni kitu kimoja tu. Yule daktari alikuwa na seti mbili za vifaa. Moja ya wagonjwa wa kawaida. Nyingine ya wale waliojulikana kuwa na maradhi ya kuambukiza. Na hii ya pili, wakaguzi walisema, ilikuwa na kutu. Chuma chenye kutu kina vishimo, hakitakasiki tena.

Fikiria maana yake. Wewe umekuwa mkweli. Umeingia, umesema "dokta, mimi nina homa ya ini". Umefanya kile ambacho vijana wangu wanasema kila mtu mwema afanye. Malipo yako ni kung'olewa na chuma chenye kutu, ambacho kabla yako kimeingia kwenye vinywa vya wakweli wenzako, mwingine na HIV, mwingine na B. Na yule asiyesema, au asiyejua, anapita kwenye seti nzuri, inayoaminika, ambayo kwa sababu inaaminika hakuna anayejisumbua sana nayo. Mtungi wa kutakasa wa kliniki ile ulikuwa umekaa miaka bila kupimwa kama unafanya kazi. Daktari alikuwa amewagawa watu katika wasafi na wachafu, na mgawanyo huo ukawa ndio usalama wake. Wagonjwa wake wasafi walikuwa wasafi kwa sababu hawajasema kitu.

Yule kijana wa "muuaji" alinyamaza kidogo hapo. Halafu akasema, lakini huyo daktari ni mbaya, mfano wako ni wa mtu mbaya. Nikamwambia mimi simfahamu kama ni mbaya. Ninachokijua ni kwamba utaratibu wake ulitegemea watu waseme, na utaratibu wa kutegemea watu waseme unawanasa waaminifu tu. Watu wengi wenye virusi hivi hawajui kama wanavyo. Utawalazimishaje waungame wasichokijua?

Hospitali zilishalifikia jibu hili zamani. Katikati ya miaka ya 1980, UKIMWI ulipotikisa kila mtu, watu wa afya Marekani waliandika kanuni ambayo leo inafundishwa kila mahali: kila damu ichukuliwe kama ina ugonjwa. Ya mtoto, ya mchungaji, ya shehe, ya malaya, ya mkubwa wa shirika. Glavu kwa wote, mtungi wa mvuke kwa vifaa vya wote. Inafundishwa kama somo la usafi, wanafunzi wanaikariri wapate maksi. Mimi naiona ni mafundisho ya maadili, na makali kuliko mahubiri mengi. Inamwambia mwenye koleo: huna ruhusa ya kumpima mtu kwa sura, wala kwa kabila, wala kwa zoni anayotoka, na huna haja ya kujua siri yake ili umtendee vizuri. Deni limehama. Limetoka kwa mwenye kinywa limekwenda kwa mwenye mkono. Mgonjwa anayetaka kusema aseme, kuna mambo mengine daktari anafaidika kuyajua, kama vile damu yake inaganda vizuri au la, na ini bovu linaharibu hilo. Ila asiyesema hajamwibia mtu.

Wasichana wa kikundi walikuwa wamefika hapo kwa njia nyingine. Walisema ukisema kwa fundi saa nne, saa kumi mtaa mzima unajua. Mchumba anaondoka. Mama wa jirani anamwita mwanawe asicheze kwako. Mmoja alisema: "Hospitali kuna faili na kabati lenye kufuli. Kwa fundi kabati ni mke wake." Tulicheka sana. Lakini sababu hiyo peke yake hainitoshi. Ikiwa kunyamaza kwangu kunamuua mtu, aibu yangu haiwezi kuwa nzito kuliko maisha yake. Sababu inayonitosha ni kwamba kusema kwangu hakumwokoi. Fundi akishajua atafuta koleo mara tatu badala ya mbili, au atanifukuza, nami nitakwenda kwa mwingine na safari hii nitafunga mdomo. Anayekuja nyuma yangu anaokolewa na mvuke. Ungamo langu halimfikii.

Kuna mfano mwingine, na huu ndio unaowashinda wale wa "lazima aseme". Hapa kwetu, na vijiji vya Watanzania vinavyotuzunguka pia, mtoto wa miezi mitano akiharisha na kupata homa, bibi anamfungua kinywa, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, anasema ana meno ya plastiki. Anapelekwa kwa mtu. Mtu anachokonoa ufizi kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, au wembe, anatoa kitu kama punje, anawaonyesha, "mnaona mdudu huyu?" Ule si mdudu. Ni jino lenyewe la mtoto ambalo halijakomaa. Homa na kuharisha vilikuwa vya umri ule ambao mtoto anaanza kutambaa na kuokota kila kitu. Kesho yake wanaletwa watoto wengine wawili, na spoku ni ileile. Niambieni, mtoto wa miezi mitano anadaiwa ukweli gani? Atasema nini? Na kama mama yake ana virusi vya homa ya ini C, basi kuna uwezekano mdogo lakini wa kweli kwamba alizaliwa navyo. Hapo hakuna wa kusema ila mwenye spoku, na yeye anasema ametoa mdudu.

Sasa, mzee wetu wa koleo. Nimesema deni ni lake. Je, ni mkosaji?

Watu wanamtetea kwa nia yake. Nia yake ni njema, sina shaka, ningemwachia nyumba yangu. Ila nia njema ina historia yake, nayo iko Misri. Kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Misri ilipambana na kichocho, ugonjwa uliokuwa unawamaliza wakulima wa mto Nile. Dawa ya wakati huo ilikuwa inachomwa kwenye mshipa, sindano nyingi, wiki kwa wiki. Sindano zilikuwa za kioo, zinachemshwa haraka na kurudi kazini, foleni ni ndefu, wanakijiji wanangoja. Madaktari wale walikuwa na moyo. Walifika vijiji ambavyo hakuna aliyewahi kuvifikia. Na katika foleni zilezile walipitisha homa ya ini C kutoka mkono hadi mkono. Taifa lilipopima mwaka 2008, karibu mtu 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 15 hadi 59 alikuwa na alama ya virusi hivyo kwenye damu. Nchi nzima iliambukizwa na watu waliokuja kuwaponya.

Unaweza kusema hawakujua, na virusi havikuwa na jina. Nusu ni kweli. Jina halikuwepo, lakini tangu Vita vya Pili vya Dunia madaktari walishaona kwamba sindano na chanjo zinaweza kubeba manjano kutoka mtu hadi mtu. Walijua vya kutosha kuwa na wasiwasi. Haraka na uhaba vikaushinda wasiwasi. Hapo ndipo ninapoweka mstari. Mtu asiyejua, mimi siwezi kumhukumu. Mtu anayejua vya kutosha kuwa na wasiwasi, akaunyamazisha kwa sababu foleni ni ndefu, huyo ameingia kwenye deni, hata kama wote waliomshukuru walikuwa wanamshukuru kweli. Mzee wetu alikuwa upande wa kwanza kwa miaka mingi. Tangu tumeanza kumwelimisha, sisi na wahudumu wa afya ya jamii, amevuka. Elimu imempa mzigo. Kwa hiyo na sisi tuliompa mzigo tunadaiwa, maana huwezi kumtwisha mtu gunia halafu ukaenda zako ukahesabu kwenye ripoti kwamba "fundi mmoja amefikiwa".

Na hapa nasema na wewe mfanyakazi wa shirika unayesoma jarida letu ukisubiri gari. Njia rahisi ni kumpiga marufuku. Alishapigwa marufuku mara moja, unajua kilichotokea? Alihamia usiku. Alikuwa anang'oa mchana kwenye mwanga wa jua, akaanza kung'oa saa tatu usiku kwa tochi ya simu, haraka haraka, na kitambaa cheupe kikaachwa kwa sababu kinaonekana. Maumivu ya jino hayasubiri siku ya kliniki. Jino haliheshimu ratiba. Mtu wa usiku wa tatu bila usingizi hana uhuru mkubwa wa kuchagua, na mwanafalsafa yeyote anayezungumzia hiari ya mgonjwa aumwe jino kwanza. Ukimfungia fundi mlango bila kufungua mwingine, hatari haijapungua, umeisukuma gizani tu. Zipo mitungi midogo ya mvuke isiyohitaji umeme, inakaa juu ya jiko la mkaa au gesi, vituo vingi vya vijijini Afrika vinaitumia. Sisemi mumkabidhi mzee mtungi awe hospitali. Nasema kati ya kumwita mhalifu na kumwita dokta lazima kuwe na neno la tatu.

Vipi kuhusu anayeona? Uingereza, karibu na Nottingham, mwaka 2014 mtu aliyeona uchafu wa daktari mmoja wa meno aliweka kamera ya siri, na wagonjwa wa zamani wapatao 22,000 wakaitwa kupimwa. Yule aliyeripoti nampa heshima. Lakini kule kulikuwa na mahali pa kuwapeleka watu 22,000. Huku ukiripoti unaonekana umemchoma mzee wa watu, na wagonjwa wake hawapati barua. Sisemi usiripoti. Nasema kuripoti mahali pasipo na tiba kunabadilika ladha.

Maana kuna swali la tatu tulilogusa na hatukulimaliza: kuna faida gani kupimwa? Kijana mmoja alisema bora asijue, kujua bila dawa ni kuongezewa kilo begani. Zamani ningemkubalia. Dawa ya sofosbuvir iliporuhusiwa Marekani Desemba 2013, dozi ya wiki 12 ilikuwa dola 84,000, kidonge kimoja dola 1,000. Kwa bei hiyo kumwambia mkimbizi ana virusi ni kama kumwonyesha mwenye njaa picha ya ugali. Lakini Misri ilipatana ikapata dozi kwa dola 900, na leo Shirika la Afya Duniani linasema zipo nchi zinazoipata kwa dola 60 hivi. Vidonge, si sindano, wiki 8 mpaka 12, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanapona kabisa. Magonjwa mangapi ya kudumu tunayoyajua yanapona kabisa?

Na Misri ilifanya kitu ambacho mimi nakiita kulipa deni. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 walipima karibu watu milioni 50, na waliokutwa na virusi wakatibiwa bure. Mwaka 2019 wakafungua upimaji huo kwa wageni wanaoishi nchini, wakimbizi wakiwemo. Hilo nililisoma mara mbili. Wakimbizi hawakuwa kwenye zile foleni za kichocho, serikali haikuwadai wala kudaiwa nao kitu kwa hesabu hiyo. Waliingizwa kwa sababu walikuwa pale. Jirani zetu wa Rwanda nao Desemba 2018 walitangaza mpango wa kuitokomeza homa ya ini C kabisa. Kwa hiyo anayeniambia ni ndoto namjibu kwamba ndoto hiyo iko upande wa pili wa mpaka.

Nirudi kwenye kiti. Kama mgonjwa hadaiwi ungamo, je hadaiwi kitu? Hapa nikawaacha wasichana wangu. Nadhani anadaiwa swali. Anayekaa kwenye kiti anatakiwa amwulize fundi: koleo hili limepita wapi tangu mtu wa mwisho? Ganzi hii chupa ilifunguliwa lini, na kwa nani? Na aulize mwenye virusi na asiye navyo, kwa sauti ileile, ili swali lisimtambulishe mtu. Ikiwa ni wagonjwa tu wanaouliza, tumerudi Tulsa. Mzee wa heshima kuulizwa hivyo na kijana si jambo dogo kwetu, najua. Mama mmoja wa zoni yetu amepata namna: anasema, "Baba, samahani, mimi mwoga wa vyuma, naomba nikiona kikitoka kwenye maji." Si kutakasa kwa kweli, ila mzee sasa anaweka sufuria jikoni kabla hajaombwa.

Wiki iliyopita nilimuuliza mzee jambo ambalo kwenye mijadala yetu yote halikuwa limetajwa na yeyote. Miaka yote hiyo, tangu Fizi, bila glavu mara nyingi, anashika damu za watu, koleo likiteleza linamchana kidole. Katika mtaa wetu mzima, kama kuna mtu wa kwanza anayestahili kupimwa homa ya ini, ni yeye. Nilimwuliza kama amewahi kupimwa. Alicheka. Halafu akakaa kimya, anaangalia mikono yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama pale wanapopima wanamwulizaka mutu anafanyaka kazi gani.